Kahawa Iliyompandisha Mkurugenzi

Gazeti lilimsifu Tarrad kurasa mbili nzima: eti alianza chini, akapanda kwa jasho lake hadi kuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya umeme. Mzee Mutlaq alisoma akacheka kwa hasira. Jasho lipi? Mtoto huyu tangu azaliwe hajatoka jasho ila kwa kula.

Kila cheo cha Tarrad, aliyekiomba ni Mutlaq, ami yake. Alivaa joho lake, akakusanya wazee wa ukoo, wakaenda kwa mkubwa fulani, wakaletewa kahawa. Mutlaq akakiweka kikombe chini bila kukigusisha mdomo, na hakuna Mbedui asiyejua maana yake: mgeni ana haja. Mwenyeji akishasema, "Kunywa kahawa yako," haja imekubaliwa, na harudi nyuma hata ashikiwe bunduki. Hivyo ndivyo Tarrad alivyopata kazi, kisha umeneja, kisha kiti kikubwa. Mitambo yenyewe aliiogopa kama mbwa mkali.

Sasa Mutlaq alikuwa na haja yake mwenyewe. Hamda, mkewe, alikuwa akipumua kwa mashine, na umeme wa kijiji chao ulikatika ovyo. Daktari alisema wazi: ama umeme wa uhakika, ama mama ahamie mjini. Hamda hakutaka kwenda kufia ghorofani. Basi Mutlaq akaenda Amman, akaingia ofisini kwa Tarrad, akaletewa kahawa, akakiweka kikombe chini.

Tarrad alikitazama. Maana ya kikombe kile aliijua kuliko alivyoijua kazi yake.

"Kunywa kahawa yako, ami."

Mutlaq akanywa. Alirudi nyumbani kifua mbele, akamwambia mkewe, "Fungua hayo masanduku, mama Sattam. Huendi popote."

Miezi ikapita, hata waya mmoja haukuletwa. Mutlaq alipopiga simu, Tarrad alicheka kidogo. "Ami nawe, ile ilikuwa kahawa tu. Siku hizi mambo yanakwenda kwa utaratibu."

Utaratibu. Na yeye mwenyewe aliajiriwa kwa utaratibu gani, hayawani yule? Hamda akahamishiwa mjini Zarqa kwa binti yao, ghorofa ya juu kabisa, na kila akipiga simu alikuwa akilia kwamba hasikii hata mbuzi.

Majira ya baridi muda wa Tarrad ukakaribia kwisha, na kiti kikataka kumponyoka. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa ana ukoo. Alikuja jioni na gari refu jeusi, akambusu ami yake begani, akaketi kwa adabu ambayo hakuwa nayo kwa miaka. Mutlaq akammiminia kahawa kwa mkono wake. Tarrad akakiweka kikombe chini.

"Ami, twende kwa waziri. Wewe anakuheshimu."

Mutlaq alijimiminia yake, akanywa taratibu. Umeme ukakatika, kama kawaida yake, naye akawasha chemli. Tarrad alijikohoza, akakisogeza kikombe mbele kidogo ili kionekane. Mkurugenzi mzima, suti ya Ulaya, amekaa kwenye zulia anangoja maneno matatu kutoka kwa mzee wa mbuzi.

"Ami," akasema mwishowe, sauti imemshuka, "inapoa."

"Inywe au iache, mwanangu," akasema Mutlaq. "Ni kahawa tu."