Mlango wa Bahari

Anayesema Kilosa hakuna bahari hakuuona ukumbi wetu. Mwaka 1951, bei ya mkonge ikiwa juu, nilimwomba meneja wa shamba mabati ya kiwanda kikuukuu cha kusindika majani, tukajenga ukumbi wa dansi ambao trekta lingeweza kugeuza humo ndani bila kurudi nyuma. Kuta tulizipaka mawimbi ya buluu, ingawa mwenzetu Tomasi aliyezipaka, bahari aliisikia tu. Tukauita Bahari.

Meneja hakutoa mabati kwa kutupenda. Nilimpa sheria, na sheria niliitunga mimi, Lupakisyo, mkata mkonge kutoka Tukuyu: Jumamosi alasiri haingii mwanamume ambaye kipande chake, kadi yake ya kazi, hakina alama ya siku hiyo. Kata ngwe yako, karani akuwekee alama, ndipo ucheze. Watu wakakata mkonge kama wamerogwa. Walikuja hadi wa mashamba ya huko Mikumi, viatu mkononi wasivichafue. Mimi nilisimama mlangoni na koti langu, nikijiona mkubwa. Nilikuwa mpumbavu, ila mpumbavu anayeamkiwa na kila mtu.

Masika ya mwaka wa pili mdogo wangu Nikolaus alishikwa na homa. Jumamosi akaja mlangoni, macho mekundu, kipande kitupu. Ndani alikuwamo Paulina wa Magomeni, mtaa wa hapo hapo Kilosa, aliyemwahidi kucheza naye.

"Kaka, nyimbo mbili tu," alisema.

"Alama iko wapi?"

"Si unajua naumwa."

Nyuma yake foleni nzima ilikuwa inatusikiliza. Nikaona nikimpitisha ndugu yangu, wiki ijayo kila mtu atakuwa ndugu yangu. Nikamwambia aende akalale. Alikwenda, wala hakununa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi iliyofuata homa ilikuwa haijamtoka, naye akaenda shambani hivyo hivyo. Alikata ngwe nzima juani. Alasiri akaja ameoga, shati limepigwa pasi, akaninyooshea kipande. Nikacheka kwa furaha, nikampiga begani. Bega lilikuwa la moto. Nililisikia joto lake, na bado nikamwambia, "Umeona? Pita."

Hazikupigwa nyimbo nyingi, wakamtoa amebebwa. Jumapili asubuhi alifariki.

Jumamosi baada ya maziko foleni ilipangwa kama kawaida. Kila mwanamume alinionyesha kipande chake, chenye alama, kisha akageuka akaenda zake. Hakuna aliyenitukana. Ningeshukuru kama wangenitukana. Ndani wapigaji wetu, Cornel na wenzake, walipiga magitaa hadi jua likazama, na hakuna aliyecheza. Ikawa hivyo wiki nne, kisha meneja akaigeuza Bahari kuwa ghala la marobota ya mkonge, nami nikarudishwa kukata mkonge.

Mama ameniletea barua kutoka Tukuyu, aliyoandikiwa na mwalimu. Hanilaumu, kwa sababu habari za mlangoni sikumweleza. Anauliza jambo moja tu: je, mwanawe aliwahi kucheza? Maana kila Nikolaus alipomwandikia, alimweleza habari za dansi na za huyo binti.

Sijui nimjibu nini. Nilikuwa nimewapa mgongo waliomo ndani, nakagua vipande. Paulina ndiye anayejua. Nimekwenda kwao Magomeni mara tatu. Hatoki.