Utepe Mfukoni

Mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta kitambaa cha pua, ukatoka na utepe mwekundu. Ulikuwa umejikunja, una matope, na nywele mbili tatu za ng'ombe zimenasa kwenye gundi. Nyuma yangu mashine ya kukamulia ilikuwa imeshazimwa, na Cathal alikuwa akiosha sakafu kwa mpira wa maji huku akiimba wimbo wa kwao wenye beti zisizokwisha. Ilikuwa saa kumi kasoro robo, alasiri. Lori la maziwa lilikuwa likifika saa kumi.

Nilisimama na gambuti zangu nikiutazama ule utepe, kana kwamba ukitazamwa sana utageuka kuwa kitambaa cha pua.

Kwa asiyejua mambo ya ng'ombe wa maziwa, nieleze kidogo. Ng'ombe akiugua kiwele hutiwa dawa, kisha hufungwa utepe mwekundu mguuni. Mwenye utepe, maziwa yake hukamuliwa kwenye ndoo ya pembeni na kumwagwa mpaka siku za dawa ziishe. Asiye na utepe, maziwa yake huenda tangini moja kwa moja. Hakuna anayeuliza maswali. Wewe umesimama handakini, shimo la mkamuaji, ng'ombe mia tatu wanapanga mstari juu yako kulia na kushoto, na unachokiona ni miguu na viwele tu. Mmoja mwenye dawa akipenya, tangi zima limeharibika. Tangi hilo likiingia kwenye lori, maziwa ya majirani waliotangulia kupakia nayo yameharibika.

Utepe niliokuwa nao ulikuwa wa ng'ombe namba 212, na aliyeutoa mguuni mwake ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitoka Huwei, mji mdogo wa Taiwani, nikiwa na kibali cha mwaka mmoja cha kutembea na kufanya kazi Nyuzilandi. Mama aliuita mwaka wa kuchezea tope, na kusema kweli hakukosea sana. Nilichuma matofaa, nikaosha vyombo hotelini, nikalala vitanda vya ghorofa na Wafaransa wanaokoroma kwa Kifaransa, na mwezi wa nane nikaishia kusini kabisa, Southland, kwa Bi Glenys. Huko mwajiri huitwa jina lake tupu, hata na mtoto. Ulimi wangu ulikataa. Nilimwongezea "Bi", naye akaniacha, akidhani labda ni ugonjwa utakaopona wenyewe.

Cathal alikuwa Mwairishi, naye yuko kwenye mwaka wake kama mimi. Alikuwa mrefu, mwenye masikio mekundu, na alicheka kila kitu, hata alipokuwa akigombezwa, jambo lililowafanya watu wamwone hajali. Mashamba mawili yalikuwa yameshamfukuza. Kwa Bi Glenys alikuwa amechelewa kuamka mara mbili, na mara ya pili bibi yule alimwambia mbele yangu, bila kupandisha sauti, "Kosa la tatu, Cathal, nitakupeleka stendi mwenyewe." Cathal alicheka. Usiku ule nilimwona kupitia mlango ulio wazi akitega saa tatu za kengele, moja akaiweka ndani ya sufuria ili ipige kelele zaidi.

Basi asubuhi ya siku ile, baada ya kukamua, nilimwona 212 akichechemea. Utepe ulikuwa umembana mpaka mguu umevimba. Nikauondoa, nikautia mfukoni, nikaenda stoo kuchukua mwingine nimfunge kwa kulegeza. Simu ikalia. Alikuwa Mama. Binamu yangu anaolewa, na yule jirani mwenye duka la miwani ameuliza kama nitarudi, na mwaka si ndio unakwisha, na huko kwenye matope nimepata nini cha kuwaonyesha watu? Alisema dakika ishirini. Nilipotoka stoo macho yananiwasha, ng'ombe walikuwa wameshapelekwa malishoni, na 212 alikuwa ametoka kichwani mwangu kabisa. Alirudi saa kumi kasoro robo, kupitia mfukoni.

"Cathal," nilisema, "212 alipita upande wako?"

"Labda. Mimi sisomi namba, nasoma miguu. Asiye na utepe ni wa tangi." Akafunga maji. "Kwani vipi, daktari wa ng'ombe?"

"Hamna kitu," nikasema.

Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Kusahau ni kusahau. Lakini "hamna kitu" niliitamka nikiwa na akili zangu timamu.

Nilitoka nje ya banda. Dimbwi la samadi lilikuwa hatua kama thelathini, nikazipiga zote. Nyumbani kwetu kosa halisemwi, husafishwa kimyakimya kabla mgeni hajaingia, na mimi nilikuwa binti hodari wa kusafisha. Hesabu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotaka. Utepe ukizama pale, hakuna duniani atakayejua. Kiwanda kitapima, kitapiga simu, Bi Glenys atauliza nani alikuwa upande ule, na jibu litakuwa Cathal, kwa kuwa upande wangu ule mguu uliovimba haukupita. Ubao wa ng'ombe wenye dawa, pale ukutani, ulikuwa na namba 212 kwa chaki nyekundu, naye hakuusoma. Ataambiwa utepe umeanguka wenyewe, kama tepe zinavyoanguka, lakini ubao haukuanguka. Hilo litakuwa kosa la tatu.

Nikajiambia, atacheka tu. Yeye hucheka.

Wazo hilo lilikuja laini na tamu, nami nikaogopa. Nikaikumbuka ile saa ndani ya sufuria. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka juu ya dimbwi, na sitaki kujipamba kwa kusema niliurudisha kwa ushujaa. Niliurudisha kwa sababu nililisikia lori likipunguza mwendo kwenye daraja la mto, na miguu ikakimbia kabla sijaiambia chochote.

Haikukimbilia kwa Bi Glenys. Ilikimbilia langoni. Nikalivuta lango, nikapitisha mnyororo, na kwa kuwa sikujua kufuli linakaa wapi, nikasimama mbele yake, mimi na kilo zangu arobaini na nane, nimeinua mkono kama askari wa barabarani.

Lori likasimama. Dereva alikuwa Tamati, Mmaori mwenye mabega mapana ambaye kila siku alinipungia vidole viwili bila kuviondoa kwenye usukani. Akatoa kichwa dirishani.

"Dada, unaniteka nyara?"

"Usipakie," nikasema. "Maziwa yana dawa."

Akazima injini. Kwenye ukimya ule nikasikia pikipiki ya magurudumu manne ikija kutoka uwanja wa nyuma, na juu yake Bi Glenys, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kwa nini lango langu limefungwa?"

Nikamnyooshea ule utepe. Nilimweleza mguu, uvimbe, stoo, simu. Nikamweleza kwamba Cathal ndiye aliyemkamua, lakini hakukuwa na utepe wa kuuona, kwa sababu mimi ndiye niliyeutoa nikausahau. Aliugeuzageuza utepe mkononi, akatoa zile nywele moja moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ungeweza kunyamaza."

"Karibu ninyamaze," nikasema. "Nilifika mpaka dimbwini."

Alinitazama. Bi Glenys alikuwa na macho ya kijivu yasiyokusaidia kujua kitu.

"Karibu si kitu," alisema. "Karibu haijazi ndoo, na haiimwagi." Kisha akamgeukia dereva. "Nenda zako, Tamati. Leo sina cha kukupa."

"Afadhali nimeambiwa nikiwa nje ya lango," alisema Tamati. "Tumboni humu nina maziwa ya watu watatu." Akawasha injini, halafu akaniinamia. "Mimi mwaka wangu wa kwanza nilisahau kufunga valvu ya nyuma, dada. Niliipaka barabara ya watu rangi nyeupe, kilomita mbili. Paka wote wa wilaya walinifuata."

Akarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Bi Glenys alinipeleka kwenye tangi, akanishika mkono, akauweka kwenye bomba la kutolea. "Fungua mwenyewe. Si adhabu. Ukiyaona yakienda hutasahau tena." Nikafungua. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, lakini maji huondoka bila kukutazama. Maziwa ya kukamuliwa mara mbili, yaliyokuwa kazi ya mikono yangu na ya Cathal, yalitiririka meupe mferejini, hayakuwa na haraka, na mimi nikalia mpaka nikapata kwikwi. Bi Glenys alisimama kando akinywa chai kutoka kwenye chupa yake. Hakuniambia ninyamaze.

Mlio wa mwisho wa bomba ulipokoma, alinivuta nyuma ya tangi, mahali ambapo sikuwahi kupita kwa sababu ya buibui. Ukutani palikuwa na majina yaliyoandikwa kwa rangi ya kutia alama ng'ombe, kila moja na tarehe yake na lita zilizomwagwa. Nikasoma jina la marehemu mume wake, mara mbili. Nikasoma la kwake.

"Siku ya harusi ya mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa na viatu vya kisigino na akili haikuwepo." Akanipa kopo la rangi. Niliandika jina langu kwa herufi za kwetu. Akaliangalia akiinamisha kichwa upande.

"Zuri. Sasa andika la kusomeka."

Nikaandika Pei-jung chini yake. Nikamuuliza, kwa sababu ilibidi nijue, kama nifungashe vitu vyangu leo au kesho.

"Hakuna aliyefukuzwa humu kati ya walioandikwa ukutani," alisema Bi Glenys. "Niliowafukuza hawamo." Akaifunga chupa yake. "Nenda ukale kitu. Saa kumi na moja alfajiri nakuhitaji, na huyo 212 umfunge utepe sasa hivi, kwa kulegeza."

Nilimfunga. Nikapitisha vidole viwili kati ya utepe na mguu ili niwe na hakika, na 212 akanipiga mkia usoni, na nikacheka kwa sauti peke yangu uwanjani. Sijui nilikuwa nimebeba nini kifuani kwa zile dakika, lakini kilipotoka nilihisi njaa ya mtu aliyefunga siku tatu. Ni miaka kumi na moja sasa. Nimewahi kupandishwa cheo, nimewahi kupona ugonjwa, nimewahi kutua salama kwenye ndege iliyokuwa ikirukaruka mawinguni, na sijawahi tena kupata wepesi kama ule wa kutembea kutoka uwanjani mpaka nyumba ya wafanyakazi, gambuti zikinipwaya, upepo wa kusini unanichapa masikio.

Mlango wa Cathal ulikuwa wazi. Begi lake lilikuwa kitandani, limejaa nusu. Kwenye sakafu zilikuwa saa zake tatu za kengele, zimefungwa ndani ya fulana.

"Unafanya nini?"

"Nimeona maziwa yanamwagwa," alisema bila kugeuka. "Ulipouliza habari za 212 nikaenda kusoma ubao. Namba imeandikwa kubwa hivi, Pei. Kubwa kabisa. Kipofu angeisoma." Akasukuma sweta ndani ya begi kwa ngumi. "Usijali. Nimezoea. Nilitaka tu niwe tayari kabla hajaja, asinisubiri."

"Hakuwa na utepe."

"Najua. Uliangu—"

"Haukuanguka. Niliutoa mimi asubuhi, nikausahau mfukoni. Bi Glenys anajua. Tamati anajua. Jina langu liko ukutani, ukitaka nenda ukaone."

Cathal akageuka. Nilisubiri acheke.

"Rudia," alisema.

Nikarudia, polepole, na safari hii nikaongeza lile la dimbwi, kwa sababu nalo lilikuwa lake kulijua. Alikaa kitandani, masikio yamemwiva mpaka shingoni, mikono iko juu ya magoti.

"Yaani si mimi," alisema.

"Si wewe."

Akavuta begi likamkaribia. Akaanza kutoa soksi, jozi moja, halafu nyingine, akizirudisha kwenye droo moja moja, kwa utaratibu ambao sikuwahi kumwona nao.