Jina la Binti wa Mwalimu Kimenyi

Mwalimu Kimenyi, aliyerudi Gisenyi, Rwanda, kutoka Tanzania, alifundisha historia na alipenda mambo ya kale kuliko chakula. Mkewe Uwamariya, fundi cherehani aliyekulia Goma, alipojifungua binti baada ya kungoja kwa miaka mingi, Kimenyi alitangaza kwamba mtoto ataitwa Astarte. Uwamariya aliona jina lina sauti ya Kifaransa, akalikubali.

Walipokwenda kuandikisha ubatizo, padri aliuliza huyo ni mtakatifu wa wapi. Kimenyi akajibu kwamba ni wa Sidoni. Padri alivua miwani, akasema wa Sidoni anayemjua yeye ni Ashtorethi, mungu wa kike aliyeabudiwa na Mfalme Sulemani uzeeni.

Hapo Kimenyi angenyamaza, lakini hakuweza. Alieleza kwa furaha kwamba ndiye huyo huyo: Babeli walimwita Ishtar, Wafoinike Ashtart, Wagiriki wakalilainisha likawa Astarte, na wanawake walimwomba uzazi. Kuhusu Ashtorethi, wataalamu wengine wanadhani waandishi wa Kiebrania walilipachika jina hilo irabu za neno lao la aibu, ili anayelisoma aone haya.

Uwamariya, aliyekuwa akinyonyesha, aliinua kichwa.

"Donc mutoto wangu ataitwa Aibu?"

Kimenyi aliharakisha kumtuliza. Katika Kumbukumbu la Torati, alisema, neno hilo hilo lina maana ya ongezeko la kondoo.

"Aibu ama kondoo," Uwamariya alisema. "Bon, Mwalimu, we unichagulie."

Padri alikohoa ili asicheke, akapendekeza Astérie, jina la shahidi wa zamani, lenye maana ya nyota. Uwamariya alikubali papo hapo. Kimenyi alinuna hadi barabara ya ziwani, ndipo akakumbuka kwamba Ishtar naye alikuwa na nyota yake, ile ya alfajiri. Akaingia nyumbani akitembea kama mshindi.

Habari zilienea mtaani. Jirani yao Saidati, aliyeolewa zamani bila kupata mtoto, alitoka msikitini Ijumaa akapita kumpakata Astérie. Kisha, kwa sauti ya chini, alimwomba Kimenyi alitamke lile jina la kwanza, mara moja tu. Kimenyi alilitamka kwa lafudhi ya Kifoinike aliyoitunga mwenyewe.

Mwaka uliofuata Saidati alizaa mapacha. Alisema ni neema ya Mungu, na Uwamariya alikubaliana naye kabisa. Ila alimkataza mumewe kufundisha habari za Babeli chumbani mwao, asije naye akazaa mapacha.