Miaka Miwili na Miezi Mitatu

Deya alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na viatu vya mtoto wa miaka mitano vilishaanza kumbana. Ukimwona kwa nyuma akitembea juu ya mbao za Dos Bocas, pale nyumba zote zinaposimama juu ya nguzo, ungesema ni mwanafunzi amechelewa shule. Ukimwona kwa mbele ungemwona kidole kimezama mdomoni na nguo ya ndani imelowa, nawe ungesema, kama walivyosema wote, mtoto mkubwa hivi bado anajikojolea?

"Ana miaka miwili," mama yake, Yirlesa, aliwajibu.

Aliwajibu hivyo wenye mitumbwi waliotaka Deya akae kwenye kibao chake peke yake. Aliwajibu hivyo akina mama waliofulia gatini, ambao mtoto akilia kubebwa walimwambia Yirlesa amshushe huyo bibi harusi. Alimjibu hivyo hata muuguzi wa zahanati, na muuguzi alikuwa na tarehe ya kuzaliwa mbele ya macho yake. Mwishowe akawa anatembea na kadi ya chanjo kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, aitoe kama polisi anavyotoa kitambulisho. Watu wa Dos Bocas ni wema, nisiwasingizie, lakini wakishaamini macho yao hata kadi yenye muhuri haiwatoi hapo.

Tena walikuwa na sababu yao ya kuamini. Kule Chocó, mkoa wa mvua na mito wa Kolombia, kitovu cha mtoto hakiachwi hivi hivi. Kikishadondoka, mkunga anatia pale unga wa kitu fulani, na tabia ya kitu hicho inamwingia mtoto hadi kaburini. Nubia, wifi yake Yirlesa, alitiwa unga wa sisimizi wakata majani, na kweli hajawahi kukaa kitako akamaliza kikombe cha kahawa. Deya alitiwa unga wa kwato la danta, yule mnyama wa msituni mnene kama ndama, anayekwenda mtoni moja kwa moja, na kichaka kikimzuia kitajijua chenyewe. Aliyemtia ni Shangazi Ulpiana, mkunga, shangazi wa Nubia na wa kaka yake Nubia, Leison, mume wa Yirlesa. Lakini aliyeomba ni Yirlesa mwenyewe.

Aliomba kwa sababu kabla ya Deya alizaa mvulana wa miezi saba aliyeishi siku tisa. Alikuwa mwepesi mno hata Yirlesa, akimpakata, alikuwa anatazama chini kuhakikisha kwamba bado yupo. Mimba ya pili ilipofika alimshika Ulpiana mkono akamwambia, shangazi, huyu nataka awe mzito. Akapewa mzito. Sasa mgongo unamuuma, mabega yanamuuma, na kijiji kizima kinamwita mwanawe Danta. Yirlesa akawa na hasira isiyokuwa na pa kwenda, maana mtu wa kulaumu alikuwa ni yeye. Kumbeba mtoto hadharani akaacha kabisa. Nyumbani alimbeba akishafunga mlango.

Jumamosi moja Nubia alivuka mto kwenda kukata ndizi shambani kwake, akamwachia Yirlesa mwanawe Jhosmar, wa miezi minane. Leison alikuwa huko mto unakotokea, kwenye kazi ya kupasua mbao, kama kawaida. Yirlesa alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai mbele ya kanisa, maana hapo tu ndipo penye ardhi kavu. Mto ulikuwa umejaa, maji yamefika kiunoni chini ya nyumba, na jua lilikuwa la kubahatisha. Saa nane upepo ukageuka. Yirlesa akasikia matone mawili matatu juu ya bati, akajua kwamba mpunga wa miezi minne unakwenda.

Alimlaza Jhosmar kwenye mkeka, akamweka Deya kando yake. Akainua kidole.

"Chunga mtoto. Mama anakuja sasa hivi."

Deya aliketi, akaweka mikono juu ya mapaja, akamtazama mtoto. Alikaa vizuri sana, kama mtu mzima aliyepewa kazi, na pengine ndicho kilichomponza Yirlesa. Akatoka mbio. Mwanamke aliyewaambia watu miaka miwili hadi koo likakauka, siku hiyo yeye mwenyewe alisahau. Kadi ilikuwa kifuani.

Mpunga aliuokoa. Turubai alilikunja, magunia akayasukuma chini ya paa la kanisa. Kisha, na hili ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mengine, alisimama hapo kidogo kupumua na kucheka na jirani aliyemsaidia, wakisimuliana ya mvua. Aliposikia kelele alidhani ni watoto wanaocheza.

Ilivyokuwa ni hivi. Jhosmar alilia. Deya alimngoja mama, mama hakuja, basi akafanya lililokuwa kichwani mwake: akambeba ampeleke kwa mama. Nguvu alikuwa nazo. Akamtoa nje, akapita naye kwenye mbao zilizolowa, na kwenye kona ya nyumba ya Hermila, yule anayelea watoto wa akina mama waendao kazini, mguu ukateleza wakaanguka majini wote wawili. Hermila aliruka na nguo zake. Alimkuta Deya amesimama kwenye matope, maji shingoni, amemshika Jhosmar mkono mmoja juu kama mtu ashikavyo ndoo kwa kishikio. Jhosmar alikuwa anakohoa na kulia. Mkono aliokuwa ameshikwa ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Hermila alilazimika kumbandua Deya vidole kimoja kimoja, maana hakukubali kuachia.

Nubia alifika gatini na ndizi zake, akapanda mbao akakuta watu wamejazana, Yirlesa miongoni mwao. Alimchukua mwanawe, akamsikiliza pumzi, akaona ule mkono. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani alimtoa mtoto ndani?"

Watu wote walimtazama Yirlesa, na Yirlesa akaona nyuso hizo zote tayari zina jibu. Hakuhitaji kulitunga. Alihitaji kulikubali tu.

"Niligeuka kidogo," akasema. "Alimnyakua."

Na ili uongo ule usimame, akamshika Deya akamchapa mapaja mara tatu mbele ya watu. Deya hakulia papo hapo. Alimtazama mama yake, matope yanamchuruzika kwenye nywele, kisha akanyoosha mikono yote miwili abebwe.

Yirlesa hakumbeba.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Nubia hakukanyaga tena kwa Yirlesa. Hermila alimwita Yirlesa pembeni akamwambia kwa upole kwamba wazazi wengine wanaogopa, kwa hiyo asimlete Deya kwa sasa. Akaongeza kwamba yeye binafsi hakuelewa, maana mtoto mwenye nia mbaya anasukuma na kukimbia, hashiki. Yirlesa aliitikia kwa kichwa akaondoka haraka. Watoto wakubwa wakimwona Deya walipiga mayowe ya Danta, Danta, wakakimbia, naye akawakimbilia akicheka kwa furaha, akidhani ni mchezo.

Shangazi Ulpiana alikuja na majani ya kupoza kitovu. Alimwosha Deya tumboni polepole, mtoto akicheka kwa kutekenywa, na bila kuinua macho bibi akasema:

"Kwato hilo nimewatia watoto sita, mwanangu. Mmoja alivunja mlango. Mtoto wa mwenzake hakuna aliyemnyakua."

Yirlesa akasema labda huyu limemzidi.

"Labda," alisema Ulpiana. Akakamua kitambaa, akakamua tena kikiwa kikavu. "Mimi nimekuja kuosha tu."

Asubuhi moja Yirlesa alikuwa anamenya mihogo jikoni, akasikia sauti yake mwenyewe chumbani. Akachungulia. Deya alikuwa amelaza ndizi mbichi kwenye mkeka, ameifunika kanga, naye ameketi kando, mikono juu ya mapaja. Akainua kidole.

"Chu' toto," alimwambia hewani mtu asiyeonekana. "Mama kuja hihi."

Kisha akanyamaza akaitazama ndizi. Akaitazama muda mrefu kupita kiasi kwa mtoto wa umri ule, ambaye siku nyingine hakai na kitu kimoja hata ukimfunga kamba. Yirlesa aliyatambua maneno yale. Maneno ya Deya hakuna mwingine Dos Bocas aliyeyaelewa. Kwa wote ilikuwa ni kubwabwaja tu. Siri ile ilikuwa salama, imehifadhiwa katika kinywa kisichojua kusema. Akaingia, akaichukua ndizi ile akaenda kuipika. Deya alilia hadi akapaliwa, na mchana ule hakula.

Siku ya Alhamisi Nubia akaja. Alisimama mlangoni na Jhosmar kiunoni, mkono wa mtoto bado umefungwa kwa vijiti na kitambaa. Yirlesa alimvutia kigoda, na Nubia, ambaye hajui kukaa, alikaa. Hapo Yirlesa akajua kwamba jambo ni zito.

Nubia alisema hakuja kugombana. Leison anashuka Jumapili, na ukoo umezungumza. Wameonelea Deya apelekwe kwa bibi yake, mama mzazi wa Yirlesa, kule mto unakotokea, mwendo wa siku mbili kwa mtumbwi, akae mwaka au zaidi, hadi akili ilingane na mwili. Leison ameshatumiwa ujumbe. Hajakataa.

"Simchukii, wifi," Nubia alisema. "Namwogopa. Najua ni aibu kumwogopa mtoto, lakini usiku naota ule mkono."

Yirlesa alikuwa na jibu lake tayari, lile la siku zote. Safari hii aligeukia mlango wa jikoni, alikokuwa Deya. Akamwona mwanawe kwenye mtumbwi, amewekwa kwenye kibao chake peke yake kwa sababu ni mkubwa, ananyoosha mikono kwa mama anayebaki gatini. Akajua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayegundua. Watampeleka, mwaka utapita, na Deya hatakumbuka chochote.

Deya akatoka jikoni na kidole mdomoni. Alipomwona Jhosmar uso ukamng'aa. Akaenda moja kwa moja, na Nubia akamvuta mwanawe kifuani, kigoda kikakwaruza sakafu. Deya akasimama. Hakugusa. Akajishusha sakafuni kwa kishindo, akaweka mikono juu ya mapaja, akamkazia mtoto macho. Kidole kikainuka.

"Chu' toto. Mama kuja hihi."

"Anasema nini huyu?" Nubia aliuliza.

Ilikuwa rahisi sana. Angesema anataka ndizi, au angesema hajui. Yirlesa aliangalia kile kidole kilichoinuka, kinene, chenye mikunjo ya kitoto kwenye viungo, akaona kwamba ni cha kwake, hivyo hivyo alivyokiinua siku ile akielekea mlangoni.

"Anasema, chunga mtoto, mama anakuja sasa hivi."

"Nani kamfundisha hayo?"

"Mimi," Yirlesa alisema. "Siku ile. Mvua ilikuwa inakuja nikakimbilia mpunga. Nilimwachia Jhosmar, nikamwambia amchunge. Hakumnyakua, wifi. Alikuwa ananiletea mimi. Na majini alimshika mkono kwa sababu nilimwambia amchunge."

Jhosmar alikuwa anavuta ushanga shingoni mwa mama yake. Nubia hakumzuia. Alimtazama Deya pale chini, akamtazama kwa mara ya kwanza polepole, kuanzia yale mashavu hadi nguo ya ndani iliyolowa na zile nyayo zilizogeukia ndani. Yirlesa alingoja matusi. Alikuwa anayataka, angeweza kuyabeba. Nubia alipofungua mdomo sauti ilikuwa ya uchovu tu.

"Ana miaka miwili, Yirlesa."

Akainuka, akamweka mwanawe vizuri kiunoni asimguse ule mkono, akaenda zake juu ya mbao bila kugeuka. Kama atamwambia Leison yeye mwenyewe au atamwachia Yirlesa aseme, hakusema. Yirlesa alibaki amesimama na lile neno lake, alilowarushia watu kijiji kizima, na sasa limemrudia.

Deya hakuinuka. Mtoto aliyekuwa akimchunga ameshaondoka, lakini bado alikuwa ameketi pale pale, mikono juu ya mapaja, anatazama kigoda kitupu.

"Basi, mwanangu," Yirlesa alisema, akapiga magoti. "Basi. Mama amekuja."

Deya akanyoosha mikono. Yirlesa akamwinua, mgongo ukimlalamikia, akatoka naye nje mlango ukiwa wazi, akashika njia ya mbao kwenda kwa Hermila akamwambie na yeye, na watu walikuwa gatini wanafua.