Kiti cha Mgeuza Kurasa

Jumanne ya pili ya Novemba, saa kumi na moja jioni, Firmin Castagnède alifungua piano, akapangusa miwani, akaweka maganda ya chenza juu ya kipasha joto ili ukumbi usinuke ukungu. Ulikuwa ukumbi mdogo wa viti mia moja na arobaini, katika mtaa wa tisa wa Paris, na kila treni ilipopita chini ya ardhi taa ya piano ilitikisika. Kushoto kwake palikuwa na kiti kitupu. Mkewe, Odile, alikikalia miaka thelathini na mmoja akimgeuzia kurasa, mpaka alipofariki mwezi wa Machi.

Mwimbaji, Solenne Kerambrun, aliingia amelowa mvua. Akavua koti, akalivaa tena, akalivua. Zilibaki siku tano. Onyesho liliitwa "Upepo kutoka Kwingine", na lilihusu jinsi nyimbo za Kifaransa za karne iliyopita zilivyopokea sauti za Hispania, Urusi, Java na Madagaska. Kijitabu cha onyesho kilisema hivyo, zilipokea, kama mtu anavyopokea mafua.

Walipofika wimbo wa tatu katika mfululizo wa nyimbo tano za marehemu Vauquelin, mwanamke mmoja aliketi kwenye kiti cha Odile. Alikuwa amejitanda shuka jeupe la kwao Madagaska, na juu yake koti la sufu lenye kibati cha namba 46. Mkeka uliokunjwa ulikuwa magotini pake. Alikuwa amekufa tangu majira ya baridi ya mwaka 1900, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia hapo Paris. Ukurasa ulipofika mwisho akaugeuza, wala hakuchelewa.

"Hapo mwisho hapandishi mtu sauti," alimwambia Solenne. "Panashuka. Mtoto anayebembelezwa ameshalala, unampandishia nini?"

"Lakini imeandikwa inapanda, mama."

"Huyo Vauquelin kaandika vibaya. Alikuja bandani nilipokuwa nikiimba, siku kumi na moja na kijidaftari chake, siku ya mwisho akaondoka kuwahi chakula kabla sijamaliza."

Solenne alichukua penseli, akasahihisha. Firmin alimimina kahawa vikombe vitatu. Alikuwa na swali, akalizungusha pamoja na sukari, kisha akalitoa.

"Samahani, mama. Mke wangu naye alikuwa akikaa hapo. Mbona yeye haji?"

"Mlimuaga?"

"Tulimuaga. Kanisa lilijaa."

"Basi kaenda. Aliyeagwa huenda." Akaukaza mkeka. "Mimi niliimba kwenye banda la maonyesho, watu wakaniangalia miguu, wakapita. Kisha kifua kikanimaliza. Hakuna aliyetaja jina, hakuna aliyepiga makofi. Na mgeni haondoki bila kuagwa. Kwetu kwenye kaburi la ukoo nafasi yangu ipo bado. Dada zangu wamelala wamebanana upande mmoja, wananingoja."

Aliitwa Raharimanantsoa. Alichotaka kilikuwa kidogo: watu waliokuja kusikiliza watajiwe jina lake, na wimbo wake upigiwe makofi peke yake. Angeondoka hapo hapo. Alipokuwa akisema hivyo mguu wake mmoja uligonga sakafu bila kutulia, na kiatu kilielekea mlangoni.

Kesho yake Solenne alikwenda kwa Hubert Lescouarnec, mwenyekiti wa chama cha muziki, akamkuta anasoma kijitabu kwa mara ya mwisho kabla ya kukipeleka kupigwa chapa, akamwomba aongeze jina hilo na kuruhusu makofi.

"Solenne, mpenzi wangu, kila wimbo una nafasi ya majina mawili," alisema. "La muziki na la maneno. Hili lina herufi kumi na tano. Litamsukuma Vauquelin mpaka mstari wa pili."

"Basi asukumwe."

"Na huyu mama ni marehemu?"

"Tangu mwaka elfu moja na mia tisa."

"Vauquelin naye ni marehemu. Mbona hajaja kulalamika?"

"Alalamike nini? Ana kila kitu."

Lescouarnec alicheka, akamsogezea bakuli la chokoleti. Kuhusu makofi hakucheka. Kila Mfaransa aliyewahi kuvalishwa soksi safi akapelekwa kusikiliza muziki anajua kwamba katikati ya mfululizo hakupigwi makofi. Hungojwa wimbo wa mwisho. Kukohoa kunasamehewa.

"Wenye tiketi za msimu mzima, niwafundishe mimi lini wapige makofi? Watanila nyama."

"Nitawaambia mwenyewe, jukwaani."

"Siku utakayosimama pale ukahutubia badala ya kuimba, msimu ujao nitamwalika mwingine. Nakupenda sana, lakini nitamwalika."

Jumapili saa kumi alasiri ukumbi ulijaa. Miavuli ilichuruzika chini ya viti. Raharimanantsoa alitoka pamoja na wanamuziki, akaketi, na mwanamke wa safu ya pili akamnong'oneza mumewe kwamba mgeuza kurasa wa safari hii ana koti zuri, siku hizi hayashonwi tena hivyo.

Nyimbo za Hispania zilipita, za Urusi zikapita. Vidole vya Solenne havikukaa mahali pamoja. Mara alishika pete, mara ukingo wa piano. Wimbo wa tatu wa Vauquelin ulipofika mwisho, aliishusha sauti kama alivyofundishwa, polepole, mpaka mtoto mchanga aliyeletwa na wazazi wake akafumba macho.

Raharimanantsoa akasimama, mkeka kwapani.

Firmin aliondoa mikono kwenye piano, akapiga makofi mawili.

"Ssss!" ukumbi ulimjibu, safu baada ya safu. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni. Mpiga piano, kwa umri ule!

Sasa wote walimtazama Solenne. Jina lilikuwa tayari ulimini, herufi zote kumi na tano. Kwenye safu ya kwanza Lescouarnec alikunja mikono kifuani. Treni ilipita chini, taa ikatikisika. Solenne alimwashiria Firmin kwa kichwa, akaimba wimbo wa nne.

Raharimanantsoa akaketi, akageuza ukurasa.

Baada ya wimbo wa tano makofi yalikuwa makubwa, na mtu alipiga kelele "Vauquelin!" Solenne alipewa maua. Nyuma ya pazia alishindwa kumtazama yule mama usoni.

"Umeshusha vizuri," Raharimanantsoa alimwambia. "Mtoto alilala."

Alhamisi gazeti lilisifu sauti ya Solenne Kerambrun, ingawa katika wimbo wa tatu, liliandika, noti ya mwisho ilimponyoka. Alialikwa tena msimu uliofuata.

Chama kilimbakiza Raharimanantsoa kwa kuwa hakuwahi kugeuza ukurasa kwa kuchelewa. Alipewa kikombe chake na msumari wa kutundikia koti. Jina la mgeuza kurasa haliandikwi kwenye kijitabu. La Odile nalo halikuwahi kuandikwa.

Kila siku ya onyesho, kabla milango haijafunguliwa, Firmin huinuka, hutaja jina lake lote kwa sauti, hupiga makofi peke yake mbele ya viti mia moja na arobaini.

"Asante, baba," Raharimanantsoa humjibu. "Lakini wasikilizaji hawajaja."

Kisha watu huingia wakikung'uta miavuli, naye husukuma mkeka chini ya kiti kwa kisigino, asimkwaze mtu.