Gauni Lenye Upindo wa Kukua

...apa kwanza, Bibi, apa hutamwambia mtu, na Bibi akaapa, akajigusa ulimi na kifua, ingawa anajijua, kumpa yeye siri ni kutia maji kwenye pakacha, jioni ile ile muuza mkaa alishajua, na mke wa muuza mkaa, waliobaki gizani ni hawa wawili tu hapa sebuleni wanaokunywa chai, mshenga na baba wa mtoto, mwanawe wa kumzaa mwenyewe, wanacheka kama watu waliokwishafunga mzigo, na yeye pembeni kwenye cherehani anamalizia gauni la harusi ya mjukuu, ila mbona pindo zito hivi... akalikunjua, lo, kitambaa kipana kimekunjwa ndani, mkono umejishonea wenyewe, ndivyo anavyoshona sare za shule miaka yote, unaacha upindo ili mtoto akirefuka uuteremshe, na nani amewahi kumwachia bibi harusi upindo wa kukua, mkono umesema kile mdomo ulichokuwa ukimeza... "Mama, gauni vipi?" "Linakuja, mwanangu, harusi haina miguu ikimbie," ...mshenga anasema binti ameshaiva, ameiva nini, juzi tu ameona damu ya kwanza akalia akidhani anakufa, Bibi ndiye aliyempeleka kwa nesi, na nesi akasema kupata hedhi si ruhusa ya kuzaa, mama, nyonga za mtoto huyu bado changa, mwacheni, naye mtoto njiani akamshika kanga, Bibi, sitaki kuolewa, nataka darasa langu, apa... "Na akishajifungua mmoja," mshenga huyo, "atatulia," ...atatulia, ndiyo, kama alivyotulia dada yake Bibi, aliyeozwa mtoto vilevile, aliingia chumba cha uzazi anatafuna ncha za nywele, akatoka kafunikwa shuka, watu wakasema kazi ya Mungu, Mungu gani, kazi ya wanywa chai, na huyu hapa mjukuu anatoka jikoni na birika, macho sakafuni, basi kiapo kinachomzika mtoto si kiapo, ni kitanzi, na mkasi upo mkononi, na kitambaa kikalia kraaa, shingo hadi pindo, vikombe vikakwama hewani. "Mama! Unafanya nini?" Wote wanamtazama, nusu ya gauni magotini, nusu sakafuni, mkasi bado wazi, hakuna pa kuuficha. "Mkasi umeteleza," mshenga akasema, anatabasamu, "uzee huo, bi mkubwa, kitambaa kitaungwa," na mwanawe haraka, "Ndiyo, umeteleza, sivyo, Mama?" ...mlango huo, wameufungua wenyewe, apite tu, acheke, aombe chai... "Haujateleza. Mtoto hataki, kaniambia mwenyewe, na mimi sitaki," akauvuta mkono wa gauni, akaukata nao, polepole, ili kila mtu aone.