Achari Kiganjani

Katika vijiji vya milima ya Nagano, nchini Japani, mgeni wa chai haletewi achari kwenye sahani. Mama mwenye nyumba huichomoa bakulini kwa vijiti, naye mgeni hukinga kiganja. Kukataa ni kumwambia kwamba hajui kupika, na kwamba mama yake naye hakujua.

Kisaburo hakuwahi kukataa. Majira yale ya baridi hata alizidisha, maana nyumbani kwake chumvi ilipigwa marufuku. Mkewe, Tome, alikuwa amechaguliwa bibi afya wa kijiji, akapewa kipima chumvi, na kila asubuhi alikichovya kwenye supu ya mumewe ya miso, ile rojo ya soya yenye chumvi. Kisha alijaza bakuli viazi, figili na uyoga hadi supu yenyewe ikakosa pa kukaa.

"Mama Shigeo," Kisaburo alimuuliza mkewe, "nimekaa kunywa supu au kuvuna shamba?"

"Vuna tu. Wanywaji wa supu wako makaburini."

Kwa hiyo alikuwa akivuka barabara kwenda kunywa chai kwa rafiki yake Denkichi. Huko, Kiyono, mke wa Denkichi, alikuwa na pipa la achari ya majani, iliyokolea chumvi na kusifiwa hadi ng'ambo ya mto.

Msimu wa mavuno uliotangulia Denkichi alikuwa amepigwa na kiharusi kidogo, mdomo ukabaki umekwenda upande. Daktari alimwambia waziwazi: cha pili hakitakuwa kidogo, achari aiache. Denkichi alikubali kwa sharti moja alilojitungia mwenyewe: mgeni akila, naye atakula, asije akamwaibisha mgeni. Mgeni alikuwa Kisaburo, kila siku.

Asubuhi moja ya theluji walikuwa wamekaa, miguu chini ya blanketi la meza yenye makaa chini yake. Kiyono alichomoa jani. Kisaburo akakinga, akala. Denkichi naye akakinga mkono wa kulia. Jani likamteleza, likaanguka juu ya blanketi.

"Mama, unamwaga chakula."

"Mkono wako umeinama."

"Mkono uko sawa. Nyumba ndiyo imeinama."

Kiyono akachomoa jingine, akaanza tena na mgeni kama ilivyo desturi. Kisaburo aliutazama mkono wa rafiki yake, umelala pale ukingoja zamu kama glovu isiyo na mwenyewe. Akafunga kiganja.

Vijiti vikabaki hewani.

"Shemeji, mkono."

"Nimeshiba."

"Hakuna anayeshiba achari."

"Basi ina chumvi nyingi."

Maneno hayo hayakuwahi kusemwa katika nyumba ile. Kiyono alirudisha jani bakulini, akafunika, akainuka.

"Kunyweni maji ya moto basi, kama ng'ombe wagonjwa," akasema, akaingia jikoni na bakuli lake.

Denkichi aliuficha mkono chini ya blanketi.

"Umemtukana mke wangu, ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo. Vaa koti, twende kwa daktari."

"Atasema yaleyale."

"Safari hii nitakuwepo mimi kusikiliza."

Kiyono hakumsalimia Kisaburo mpaka theluji ilipoyeyuka. Sasa Denkichi ndiye aliyevuka barabara kila asubuhi, kwa fimbo, kuja kulalamika kwamba chai ya Tome haina kitafunio. Alilalamika hivyo kwa miaka mingi sana.